Tujenge dungu la moto juu ya majabali ya Masasi

Ndugu Mhariri,

Jumanne iliyopita, saa nane na robo mchana, nikiwa juu ya jabali lililo nyuma ya kijiji chetu hapa wilayani Masasi, niliona moshi ukiinuka upande wa mashariki, kwenye pori linalotenganisha vitongoji viwili. Ulikuwa mwembamba kama uzi wa cherehani. Niliupima kwa dira, nikampigia mwenyekiti wa kitongoji, na ilipofika saa tisa na nusu vijana 11 walikuwa wameshauzima kwa matawi mabichi na majembe. Kilichoungua hakizidi uwanja wa mpira. Mbele kidogo ya moto ule, kule upepo ulikokuwa unaelekea, kulikuwa na mikorosho ya kaya sita, imebeba, korosho za kwanza zimeanza kudondoka.

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze nilikuwa nafanya nini kule juu, mtu mwenye miaka 63, katikati ya juma, wakati wenzangu wote wanafagia chini ya mikorosho yao.

Mimi ni mzaliwa wa hapa. Ujanani niliondoka kutafuta kazi nikaipata Sao Hill, Mufindi, kwenye shamba la miti la serikali. Nilikaa huko miaka 19. Nilianza na kupanda miche, nikaja kwenye kupogoa, na miaka saba ya mwisho niliwekwa mnarani kuangalia moto. Misindano na mikaratusi imefunika vilima mpaka macho yanachoka, na wewe uko juu yake kwenye kibanda chenye madirisha pande zote, upepo wa Juni unapenya mpaka kwenye mifupa. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kuna meza, juu yake ramani, na juu ya ramani duara lililogawanywa digrii 360. Ukiona moshi unaulenga, unasoma digrii, unaitaja kwenye simu ya upepo. Mwenzako wa mnara mwingine naye anausoma kutoka kwake. Ofisini wananyoosha nyuzi mbili juu ya ramani yao, moja kutoka kila mnara, na pale zinapokatana ndipo gari linapokwenda. Mnara mmoja unakwambia moto uko upande gani. Minara miwili inakwambia uko wapi.

Mkufunzi wetu alipenda kutusimulia habari za Marekani. Agosti 1910, katika majimbo ya Idaho na Montana, moto uliteketeza ekari zipatazo milioni 3 kwa siku mbili na kuua watu zaidi ya 80, wengi wao wakiwa ni hao hao waliokwenda kuuzima. Baada ya msiba ule vibanda vya kuangalia moto vilizidi kupandishwa juu ya vilele, maelfu kwa maelfu, mbao na vyombo vikibebwa na nyumbu kwenye njia ambazo hata mtu mwepesi huzipanda kwa kutambaa. Aliyenikaa moyoni ni mwanamke aitwaye Hallie Daggett. Mwaka 1913 alipanda kilele cha Klamath huko California, akakaa msimu mzima na mbwa wake na simu ya waya. Wapo waliodhani atashuka baada ya siku chache. Msimu ule wa kwanza aliripoti moto kama 40, na eneo lote lililoungua, ukilijumlisha, halikufika ekari 5. Nilipoisikia hesabu hiyo nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Sijaisahau, kwa sababu inaonyesha jambo ambalo watu wa kijijini kwetu bado hawalikubali: moto hauzimwi kwa wingi wa watu, unazimwa kwa kuwahiwa.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, hatukuuwahi. Kuna mtu alikwenda kurina asali, kijinga chake kikaanguka kwenye majani makavu. Sitamtaja. Alikuja mwenyewe nyumbani, akaomba radhi mbele ya wazee, nami nikampokea, na mambo hayo yamekwisha. Ninachotaka kusema ni kuhusu saa. Kina mama waliokuwa kisimani waliuona moshi saa sita, wakadhani kuna mtu anachoma mafyeko shambani kwake. Saa saba nami niliuona kutoka chini ya mwembe nikadhani hivyo hivyo, maana ukiwa chini huwezi kujua moshi uko umbali gani. Saa tisa ulikuwa ukuta. Nilikuwa na mikorosho 160. Iliungua 43, na hiyo 43 ndiyo aliyoipanda marehemu mke wangu kwa mkono wake mwaka ambao mimi nilikuwa bado Mufindi nikilinda miti ya serikali. Mkorosho ukiungua majani unaweza kuchipua tena. Ukiungua gome kuzunguka shina, umekwenda. Nilizunguka na panga siku tatu nikikwangua magome, kila shina nikitafuta ukijani chini yake.

Ndipo nilipoanza kupanda mlima.

Wasomaji wasioijua Masasi waelewe kwamba vilima vyetu si vya udongo. Ni majabali yaliyochomoza kutoka kwenye ardhi tambarare, mapana chini, tupu juu, mvua imeyachora mistari myeusi ubavuni. Mtandi, pale lilipo kanisa kuu la Waanglikana, watu wengi wanaufahamu. Wetu ni mdogo kuliko huo lakini ni mkali. Naondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na mjukuu wangu, kijana wa miaka 15, siku ambazo hana shule. Napita shamba la mbaazi, naingia kwenye miombo ambako bado kuna mininga michache na mipingo ambayo haijafika unene wa kukatwa, natokea kwenye mkuyu mkubwa. Hapo njia inakunja uso. Kutoka mkuyuni mpaka kileleni hakuna hatua hata moja ya kupumzikia mguu. Mwanzo ni mawe yaliyolala juu ya majani, unapanda kwa kushika mizizi. Kisha unafika mahali tunapopaita Mlango, majabali mawili yameinamiana yameacha nafasi ya bega moja, unapita kwa ubavu, umevua mkoba unausukuma mbele. Pimbi wamejaa mle, wanapiga kelele kama wanaoulizana nani huyu. Baada ya Mlango ni Mgongo: jabali tupu, limelala kwa mwinuko wa paa la nyumba, na alfajiri lina umande. Kandambili hazifai kabisa pale. Nimejaribu viatu vya mtumba vya kila aina, na kinacholishika jabali lile ni katambuga za tairi au unyayo mtupu. Mtu asipande Mgongo akiwa amesimama wima. Anainama, anaweka mikono, anapanda kama mtoto anayepanda mgongo wa baba yake.

Kwa mguu wangu ni saa 1 na dakika 40 kupanda na dakika 55 kushuka. Kijana anapunguza nusu, nami nimemkataza kushuka kwa mbio, kwa sababu magoti na vifundo vya miguu huumia kwenye kushuka.

Juu kuna nafasi kama ya sebule mbili. Jua linapotoka unaona ukingo wa uwanda wa Wamakonde upande wa mashariki, umekaa kama ukuta wa rangi ya samawati. Kusini ardhi inateremka taratibu kuelekea Ruvuma. Mapaa ya bati ya mjini yanametameta. Vitongoji vyetu vyote viko chini yako, na unatambua hadi jiko la nani limewashwa.

Nimejenga dungu pale. Miti minne, nyasi juu, kamba za magome, basi. Nalitumia neno hili kwa makusudi kwa sababu sisi watu wa kusini tunalijua dungu. Nani kati yetu aliyekulia shambani hakulala kwenye dungu la mpunga, akipiga debe usiku kufukuza nguruwe? Tumelinda mpunga dhidi ya ndege, mahindi dhidi ya nyani, muhogo dhidi ya nguruwe. Moto unaokula vyote hivyo kwa mchana mmoja hatujaupandishia dungu hata siku moja.

Katikati ya dungu kuna ubao wa duara niliotengenezewa na fundi seremala kwa mabaki ya mninga. Nimeupiga misumari kuzunguka, kila msumari digrii 10, nimeuelekeza kaskazini kwa dira, na pembeni nimeandika kwa rangi majina ya vitongoji, visima, shule na mashamba makubwa. Uzi umefungwa katikati. Ukiona moshi unanyoosha uzi, unasoma jina. Mjukuu wangu alijifunza kwa asubuhi moja.

Kuusoma moshi ndiko kunakotaka muda. Asubuhi mabonde yetu yana ukungu, na mgeni atapiga simu kila baada ya dakika kumi. Ukungu hauna shina. Umelala, na jua likipanda unainuka wote kwa pamoja na kuisha. Moshi una shina: hata ukitawanyika juu, chini kuna mahali unapotokea, na mahali hapo hapahami. Moshi mweupe mzito ni wa majani mabichi. Moshi wa tanuri la mkaa ni mtulivu, unatoka pale pale siku tatu au nne. Wa nyasi kavu una kijivu cha kuelekea samawati na unatembea, na huo ndio wa kuupigia simu kabla hujamaliza kuutazama. Kisha kuna mwewe. Pori likishika moto, panzi na panya wanakimbia, na mwewe wanakusanyika juu yao. Mara mbili mwaka huu nimewaona mwewe wanazunguka mahali pamoja kabla sijauona moshi wenyewe.

Saa mbaya ni kuanzia saa sita mpaka saa kumi. Umande umekauka, upepo umeamka. Na mahali pabaya ni miguuni pa mlima, kwa sababu moto unapopanda mteremko unajikaushia njia, joto lake linatangulia kwenye majani ya juu kabla ulimi wenyewe haujafika. Moto wa tambarare mtu anaweza kuukimbia. Wa mteremkoni usithubutu kukaa juu yake, hata kama unaona uko mbali. Vijana wetu wanaokwenda kuzima kwa moyo mzuri wengi hawalijui hili, na nina hofu siku moja tutabeba mtu.

Nilipokuwa nataka kujenga, nilikwenda kwanza kwa wazee, maana mlima una watu wake waliotangulia na haukwei tu kama dari ya duka. Mzee mmoja aliniambia jambo nililokuwa nimelisikia nusu nusu kwa babu yangu. Mwaka 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni wa upande wa Songea, walipoivamia Masasi, wakaichoma misheni iliyoanzishwa mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, wapo waliopona kwa sababu mtu alikuwa juu ya jabali akaona vumbi likija. Ndivyo wanavyosimulia kwao. Akaniruhusu, akanikataza jambo moja tu, nisikate mti wowote wa kileleni. Miti yote minne ya dungu niliibeba kutoka chini, mmoja mmoja.

Sasa nije kwenye ombi langu.

Moto kichaa wa huku kwetu hauletwi na radi. Radi zetu zinakuja na mvua, mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili. Wa Julai, Agosti, Septemba na Oktoba ni wa mikono yetu: anayesafisha shamba, anayewinda panya, anayerina asali, anayechoma mkaa, anayetafutia ng'ombe majani mapya. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inazuia kuchoma ovyo, na vijiji vina sheria ndogo zilizobandikwa ukutani ofisini. Sipingi sheria. Lakini karatasi ya ukutani haina macho ya saa nane mchana.

Naomba serikali za vijiji vyenye majabali, kuanzia Masasi mpaka Nanyumbu na Nachingwea, ziweke walinzi wawili kwa kila mlima kuanzia Julai mosi mpaka mvua za kwanza, wakipokezana siku. Panapokuwa na milima miwili inayoonana, ipewe yote miwili, ili digrii zikutane. Vifaa ni dira, darubini, simu ndogo ya vitufe na kichaji cha sola. Mtandao juu ya mlima unashika vizuri kuliko kijijini.

Posho itatoka wapi? Nimeuliza ofisi moja, nikaandika barua mara mbili, sijajibiwa. Basi nimepiga hesabu mwenyewe. Chama cha msingi kinachokusanya tani 200 za korosho kikikata shilingi 5 kwa kilo, kinapata shilingi 1,000,000. Walinzi wawili kwa miezi mitano, kila mmoja 100,000 kwa mwezi, ni shilingi 1,000,000. Mkulima mwenye gunia lake la kilo 80 anakuwa ametoa shilingi 400. Na wenzetu wa Kilwa wametuonyesha kwamba msitu unaweza kujilipia ulinzi wake: vijiji vilivyochukua misitu yao kwa usimamizi shirikishi vinauza mpingo kwa utaratibu na kulipa doria. Wengine kule wanachoma mapema, mwanzoni mwa kiangazi nyasi zikiwa bado na ubichi, ili moto wa Septemba ukija usikute cha kula. Jambo hilo nalo tulifanye, lakini lifanywe kwa kupangwa na mlinzi akiwa juu, siyo kila mtu na kiberiti chake.

Kijana mmoja msomi aliniambia siku hizi setilaiti zinaona moto, nisijichoshe. Ni kweli zinaona, na tuzitumie. Lakini zinapita mara chache kwa siku, na moto ulioniunguzia mikorosho 43 ulianza na kumaliza kazi yake kati ya mlo wa mchana na wa jioni. Setilaiti pia haina namba ya simu ya mwenyekiti wetu wa kitongoji.

Wengine wananiuliza kwa nini nahangaika wakati mikorosho yangu imeshaungua. Imebaki 117. Na pale ilipokuwa ile 43 nimepanda miche mwaka jana, mirefu sasa kufika kiunoni. Mche wa umri huo hauhitaji hata ukuta wa moto. Ulimi mmoja wa majani makavu unatosha.

Jumamosi ijayo nitakuwa pale mkuyuni saa kumi na moja alfajiri. Wenyeviti, watendaji na wajumbe wa kamati za maliasili wa vijiji jirani wanaotaka kuona ubao na kujifunza kuusoma wanakaribishwa. Kila mmoja aje na lita mbili za maji, na asije na kandambili. Mjukuu wangu atatangulia na tochi mpaka Mlango, mimi nitakuwa nyuma ya wa mwisho.

Mkulima wa korosho, mlinzi wa zamani wa mnara wa moto,
Masasi, Mtwara